L.A. Noire iliyosafishwa: inafaa kuchezwa tena ukishamjua muuaji?

Jibu la haraka kwanza. Inafaa au haifai?

Gemu hii inafaa kurudiwa, ila usiicheze kama ulivyoicheza mwanzo. Ukiingia kwa nia ya kumsaka muuaji utachoka kabla hujatoka Kitengo cha Trafiki, kilicho karibu na mwanzo, kwa sababu muuaji ni yule yule, amejificha pale pale. Ukiingia kuwatazama watu wanavyodanganya, hapo kuna utamu ambao mara ya kwanza ulikupita.

Mimi mara ya kwanza nilicheza kama mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Kila swali moyo unanidunda, naogopa kosa lisiandikwe kwenye daftari la Phelps, yule mpelelezi unayemcheza. Mara ya pili nilikaa kama mtu anayemsikiliza mdeni wake akijieleza: ukweli unaujua, unataka tu kuona leo ataanzia wapi.

Sijawahi kuicheza kabisa. Ni gemu gani hii?

Ni gemu ya upelelezi iliyotoka Mei 2011 kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, kisha kompyuta Novemba mwaka huo huo. Ilitengenezwa na Team Bondi ya Sydney, Australia, na kutolewa na Rockstar Games. Unacheza kama Cole Phelps, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Okinawa, ambaye sasa ni polisi wa Los Angeles mwaka 1947. Anaanzia doria, anapanda hadi trafiki, halafu mauaji, halafu kitengo cha dawa za kulevya na ufisadi, mwisho anaangukia kitengo cha kesi za uchomaji moto. Nimesema anaangukia kwa makusudi.

Kazi yenyewe ni ya mikono na macho. Unafika eneo la tukio, unaokota vitu, unavigeuza kwenye mwanga, unaandika daftarini, halafu unawahoji watu na kuamua nani anasema kweli. Watu wanaosikia jina la Rockstar wakategemea kuiba magari na kurusha mabomu mjini hukata tamaa mapema. Bunduki zipo, lakini si nyingi.

Kwenye rimasta ya 2017, yaani toleo lililosafishwa, wamebadilisha nini?

Ilitoka tarehe 14 Novemba 2017 kwa PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Mwanga umeboreshwa, mawingu yameboreshwa, kuta na nguo hazina tena ule ukungu wa mwaka 2011. Kamera imepewa pembe mpya, kuna suti za ziada na vitu vipya vya kukusanya mitaani. Kwenye PS4 Pro na Xbox One X picha inafika 4K, ule ubora wa juu wa skrini kubwa. Kesi zote za nyongeza zilizouzwa mbalimbali zamani zimo ndani.

Hadithi haikuguswa. Sauti ni zile zile na kesi ni zile zile. Mwenye Xbox 360 alikuwa na diski tatu za kubadilisha katikati ya hadithi. Hilo limekwisha, na sidhani kama kuna anayelikumbuka kwa mapenzi.

Badiliko kubwa liko kwenye vitufe vya mahojiano. Naulizwa sana juu yake, kwa hiyo nalipa nafasi yake.

Nasikia waliondoa Kweli, Shaka na Uongo. Kwa nini?

Katika toleo la 2011, mtu akishajibu swali ulichagua moja kati ya matatu: anasema kweli, una shaka naye, au ni mwongo. Ukimwita mwongo ulitakiwa uonyeshe ushahidi. Kwa maandishi ilionekana safi. Ukicheza ndipo ulipoona kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa Shaka.

Shaka, kwa mtu wa kawaida, ni jambo la taratibu. Unakunja uso, unasema, "Una hakika, mama?" Basi. Lakini ulipobonyeza Shaka, Phelps alilipuka. Yuko msichana wa miaka 15 aliyelazwa hospitalini baada ya ajali ya gari. Unataka tu kumsogeza kidogo aseme alikuwa wapi, kumbe umemfungulia mbwa mlango. Ndiyo maana mtandaoni Shaka ya Phelps ikawa utani kwa miaka: mtu anaulizwa saa ngapi, anajibiwa kwa kufokewa.

Rimasta imeyapa majina mapya: Askari Mwema, Askari Mkali, na Mtuhumu. Phelps anasema maneno yale yale aliyosema 2011. Ila sasa unajua unachokibonyeza. Ukichagua Askari Mkali hushangai akigonga meza.

Sasa nionavyo mimi. Majina mapya ni ya haki zaidi kwa mchezaji, ila yamehamisha swali. Zamani uliulizwa, "Huyu anasema kweli?" Swali hilo linamhusu shahidi. Sasa unaulizwa, "Wewe utakuwa askari wa namna gani?" Hilo linakuhusu wewe. Wapo wanaosema kipimo cha upelelezi kimepungua, na siwapingi sana. Ila kwa anayerudia gemu ni zawadi, kwa sababu mtu aliyekwisha kujua ukweli hana haja ya kupima ukweli. Anabaki na hilo la pili.

Tahadhari moja: Askari Mwema hana maana ya upole tu. Bado ndicho kitufe cha kumwamini mtu, kwa hiyo ukimchagua kwa huruma mbele ya mwongo, umekosea na kosa linahesabiwa.

Nikishajua jibu, raha iko wapi?

Nitatoa mfano mmoja, na ni kesi ya mwanzo kabisa ya trafiki, kwa hiyo sikuharibii mengi. Asiyetaka kujua kabisa aruke sehemu hii.

Gari limetelekezwa. Ndani damu imetapakaa, mwenye gari haonekani. Kuna pochi, kuna miwani, kuna bomba la chuma lenye damu. Na kuna stakabadhi ya nguruwe aliye hai. Mara ya kwanza niliiokota ile karatasi, nikaisoma, nikaona labda watengenezaji wametupia kitu cha kutuchanganya, nikaendelea. Nilikuwa nimeshikilia bomba, maana bomba ndilo linalofanana na silaha.

Mara ya pili niliiokota nikacheka peke yangu. Jibu zima lilikuwa mkononi mwangu dakika ya tano. Hiyo si damu ya mtu.

Lakini kilichonishika zaidi ni mke wa mwenye gari. Unamkuta nyumbani, unamuuliza habari za ndoa, naye anasema mambo ni mazuri huku macho yakikimbia. Mwaka 2011 niliandika kichwani mwangu: huyu anajua kitu. Nikambana. Sasa nilipomtazama tena nikijua mumewe yuko wapi na yuko na nani, niliona kitu kingine kabisa. Yule mama hafichi uhalifu wowote. Anaficha aibu. Hajui aliko mumewe, ila anajua ndoa yake ilivyo, na hataki kuwaambia wanaume wawili wenye kofia waliosimama sebuleni kwake.

Uso wa aibu na uso wa hatia vinafanana mno, na gemu nzima imejengwa juu ya kufanana huko. Mara ya kwanza huwezi kuliona hilo kwa sababu uko mbioni kutafuta jibu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Humu ndani, anayekimbizwa kwenye njia hiyo mara nyingi si mwongo.

Teknolojia ya nyuso bado inatisha, au imezeeka?

Imezeeka mwili, uso bado.

Nieleze ilivyofanyika. Mwigizaji alikaa kwenye kiti ndani ya chumba chenye mwanga mkali, akazungukwa na kamera 32, akasema maneno yake. Mfumo huo unaitwa MotionScan. Haukuchora uso, uliunakili: kila mkunjo, kila kumeza mate. Waigizaji zaidi ya 400 walipita pale, akiwemo Aaron Staton aliyemwigiza Phelps. Mwili ulirekodiwa siku nyingine, mahali pengine, na ndiyo sababu wakati mwingine kichwa kinaonekana kama kimepachikwa: uso unalia, mabega yametulia kama ya mtu anayesubiri basi.

Usafishaji wa 2017 umeliongeza tatizo hilo badala ya kulipunguza. Suti sasa inaonyesha nyuzi, ukuta unaonyesha nyufa, lakini uso ni data ile ile ya zamani, laini kidogo, kama umepakwa poda. Kwenye skrini kubwa ya 4K tofauti inaonekana wazi. Kwenye skrini ndogo ya Switch inayoshikwa mkononi, cha ajabu, haionekani, na nyuso zinakaa vizuri kuliko kwingine kote.

Hata hivyo bado sijaona gemu nyingine ambamo unaweza kumtazama mtu akiwa kimya, bila maandishi wala rangi ya kukuashiria, ukajua anatafuta neno la kusema. Waigizaji wa nafasi ndogo ndio wazuri zaidi. Wale wakubwa wanadanganya kwa madoido, macho kulia, macho kushoto, hadi unawaonea huruma. Mhudumu wa baa mwenye mistari minne tu ndiye atakayekulaza macho.

Kuna kitu cha kurekebisha kwenye mipangilio kabla ya kuanza tena?

Kipo, na kwangu ndicho kilichoamua.

Kwa kawaida gemu inakushika mkono sana. Ukipita karibu na kidokezo pedi ya kuchezea inatetema na kengele ndogo inalia. Muziki wa upelelezi unapiga muda wote, ukishapata kila kitu unanyamaza. Kwa mchezaji mpya ni msaada. Kwa anayerudia ni mtu aliyekaa nyuma yako sinema akikwambia kinachofuata.

Zima mtetemo wa vidokezo, zima kengele, zima na huo muziki wa upelelezi. Sasa chumba kimekuwa chumba. Unafungua kabati kwa sababu umelishuku kabati, si kwa sababu mkono umetetemeka. Nilishangaa kugundua kwamba, pamoja na kuikumbuka hadithi yote, nilikuwa sikumbuki vitu vimekaa wapi. Mara ya kwanza sikuvitafuta kamwe. Pedi ilivitafuta, mimi nikaokota.

Alama za Hisi, zile zinazofuta jibu baya au kukuonyesha vidokezo vilivyobaki, ziache tu zijilimbikize.

Kuna pia chaguo la kucheza kwa rangi nyeusi na nyeupe, kama filamu za miaka hiyo. Linapendeza kwa saa moja. Baada ya hapo unaanza kushindwa kutofautisha damu na mafuta ya gari, nikarudi kwenye rangi.

Maandishi ya chini yaache yawake. Kiswahili hakimo, na Kiingereza cha mitaani cha miaka ya 1940 kinakimbia.

Kuendesha gari kunachosha. Lazima?

Si lazima. Ukishikilia kitufe cha kuingia garini mwenzako ataendesha, mtafika mara moja. Utakosa uhalifu wa mitaani, ambao uko 40 kwa jumla, na kusema kweli ukishafanya kumi umefanya yote: jambazi anakimbia, unamkimbiza, anapanda ngazi, unapanda ngazi. Mapigano yakikushinda mara kadhaa gemu yenyewe inakuruhusu kuyaruka.

Mji ni mzuri, hilo sibishi. Waliujenga kwa kufuata picha zilizopigwa angani enzi hizo, na kuna jioni nyingine utaendesha bila sababu. Tatizo ni kwamba hakuna cha kufanya humo. Ni mandhari ya jukwaa, milango mingi imechorwa tu.

Kitengo cha Mauaji nilikichukia. Kimekuwa bora?

Hapana. Hapa ndipo kurudia kunapouma.

Sehemu hiyo imefungamanishwa na mauaji ya Elizabeth Short, mwanamke halisi aliyeuawa Los Angeles Januari 1947 na ambaye muuaji wake hajapatikana hadi leo. Gemu inakupa kesi moja baada ya nyingine zinazofanana, na katika kila moja unalazimika kumfungulia mtu mashtaka ingawa wewe mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kochi, unaona haiwezekani ni yeye. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea mahojiano. Nikarudia kesi nzima, nikapata nyota zote tano, na bado nikampeleka ndani mtu yule yule. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hadithi ilikuwa imeshaamua, mimi nilikuwa karani.

Watetezi wa gemu watakwambia hilo ndilo lengo: idara inataka kesi ifungwe, haijali ukweli, na mwenzako Rusty Galloway anakwambia hivyo mdomoni kwake kila siku, kwamba mume ndiye, daima mume ndiye. Hoja ninaielewa. Lakini gemu inayonipa alama kwa kuhoji vizuri haiwezi wakati huo huo kuniambia kuhoji vizuri hakuna maana, angalau si kwa kesi zote hizo mfululizo. Cheza ya kwanza na ya mwisho kwa makini. Hizo za katikati zipite kwa miguu myepesi.

Kesi za nyongeza zina uzito, au ni za kujazia?

Ziko tano, na zimechomekwa mahali pake ndani ya vitengo, kiasi kwamba asiyejua hatahisi ziliongezwa. Ile ya Nicholson Electroplating ndiyo ya kusubiri. Kiwanda kinalipuka mchana kweupe na mtaa mzima unafagiliwa. Imetokana na jambo la kweli: tarehe 20 Februari 1947 kiwanda cha O'Connor cha kung'arisha vyuma kililipuka Los Angeles na kuua watu 17. Unapotembea kwenye vifusi ukiokota mabaki, ukijua hivyo, mguu unakuwa mzito kidogo.

Niinunue kwa mashine gani?

Switch ina skrini ya kugusa, unaweza kugeuza ushahidi kwa kidole, na hayo ndiyo mahojiano bora kitandani. Ila hata ukinunua kadi, kuna GB 14 hivi za kupakua juu yake, kwa hiyo andaa nafasi. PS4 na Xbox One ndizo za picha safi.

Kwa wa kompyuta habari si nzuri. Rimasta haikuletwa huko. Kilichopo ni toleo la 2011 lenye kesi zote, lililofungwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, na vitufe bado ni Kweli, Shaka na Uongo. Kama unalo tayari, huna sababu ya kununua konsoli kwa ajili ya majina matatu ya vitufe na mawingu.

Na ile ya VR, ya kuvaa miwani ya uhalisia pepe?

Ni kitu kingine. Ilitoka Desemba 2017 kwa HTC Vive, ikafika PlayStation VR mwaka 2019, na ina kesi saba tu zilizochaguliwa. Kusimama ana kwa ana na mtu anayekudanganya, uso wake umbali wa mkono, ni jambo la kujaribu walau mara moja. Kutembea ndani yake ni taabu, na wenye kichefuchefu cha VR wameshaonywa.

Kuna sehemu ya pili?

Hakuna. Team Bondi ilifungwa mwaka huo huo wa 2011. Kazi ilichukua takriban miaka saba, na baada ya gemu kutoka, waliofanya kazi pale walijitokeza hadharani kulalamikia saa ndefu za kazi na majina ya watu zaidi ya 100 kuachwa kwenye orodha ya mwisho. Unapoona uso wa mhudumu wa baa ukitetemeka sawasawa, kuna mtu aliyekesha kuuweka pale, na huenda jina lake halimo.

Ukilinganisha na gemu nyingine za upelelezi zilizosafishwa?

Ghost Trick, ya Nintendo DS iliyotoka Japani 2010 na kusafishwa 2023, ni fumbo la mitambo. Ukishajua, umeshajua. Ni nzuri sana, ila raha ya kurudia ni ya kumwonyesha mwingine na kumtazama akipigwa butwaa.

Blade Runner ya 1997 ni mfano wa kinyume: kila unapoanza upya, gemu yenyewe inaamua upya nani ni binadamu na nani si binadamu. Hiyo ilizaliwa kwa ajili ya kurudiwa. Bahati mbaya usafishaji wake wa 2022 ulipokelewa vibaya, hadi wengi wakapendekeza watu wacheze ile ya zamani. Kusafisha si lazima kung'arisha.

L.A. Noire iko katikati ya hizo mbili. Jibu halibadiliki, anayebadilika ni mtazamaji.

Itanichukua muda gani, na lazima nianze mwanzo?

Hadithi nzima ni takriban saa 20. Ila kama faili lako la zamani bado lipo kwenye akaunti hiyo, kila kesi uliyomaliza inachezwa peke yake kutoka kwenye menyu, na huna deni la kupita tena doria.

Ningekuwa wewe ningeanza na ile ya gari lenye damu. Zima kengele, zima mtetemo. Nenda nyumbani kwa yule mama, umuulize habari za ndoa yake, na kabla hujabonyeza chochote weka pedi chini umtazame tu.